Dishi au Intaneti kwa Mwanafunzi wa Kiswahili?

Hapa Uganda baadhi ya wanafunzi wetu wameacha kulipia king'amuzi, na sasa hutazama vipindi vya Kiswahili kwa intaneti. Je, anayejifunza lugha anafaidika?

Dishi hupokea mawimbi yanayorushwa kwa watu wote. Ukishalipa ada ya mwezi, utazame saa moja au kumi, bei ni ileile. Lakini taarifa ya habari ikipita, imepita. Katika YouTube, iliyoanzishwa mwaka 2005, mwanafunzi husimamisha kipindi, akarudia sentensi hadi asikie vizuri upatanisho wa ngeli. Hiyo ndiyo faida kubwa kwetu.

Gharama yake ni data. Kwa makadirio ya Netflix, saa moja ya picha za kawaida hutumia gigabaiti 1 hivi. Zenye ubora wa juu hufikia 3. Kwa kipimo hicho, wanafunzi 30 wakitazama kila mmoja kwa simu yake watatumia gigabaiti 30. Wakitazama pamoja darasani, 1 tu.

Kwa hiyo tunawashauri walimu watazamishe kipindi darasani, ili asiye na pesa za bando asikose somo.