Gesi ya friji haiishi kama mafuta ya taa!

Mwenzenu nimeingizwa mjini, tena mchana kweupe. Friji la mama liligoma kugandisha, na barafu ndizo zinazolipa ada ya chuo ya mdogo wangu. Nikaita fundi. Hakulegeza hata skrubu moja, akatamka: "Gesi imeisha, dogo." Akajaza, akalamba 70,000 zetu. Wiki tatu tu, barafu zikawa maji tena!

Fundi wa pili, mzee mmoja mpole, ndiye aliyenifungua macho. Kumbe gesi ya friji inazunguka humo humo ndani ya mabomba miaka nenda rudi. Ikipungua, ujue kuna tundu. Ukijaza bila kuziba, unalipa tena na tena. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, na mchukuzi hapa ni fundi wako!

Kaa chonjo basi. Anza na vya bei poa: plagi, themostati, vumbi la nyuma na mpira wa mlango. Bana karatasi mlangoni. Ikichomoka kirahisi, mpira umechoka. Fundi akisema gesi, muulize: "Imevujia wapi?" Soma kibandiko cha nyuma: R134a na R600a si gesi moja, na R600a inashika moto, asichomelee ikiwa bado imo. Tena patana bei na garantii kabla hajashika spana.

Zile 70,000 zilikuwa za ada. Mama hajasema kitu, na hicho ndicho kinachoniuma.