Saratani ya damu kwa mtoto aliye tumboni

Ini la mtoto limekuwa kubwa, wengu umevimba na maji yamejaa tumboni mwake. Mjamzito akiambiwa hivyo baada ya ultrasaundi, hofu humjaa. Je, inaweza kuwa saratani ya damu?

Inaweza, ila ni nadra sana. Wanaozaliwa nayo hukadiriwa kuwa mmoja hadi watano katika kila watoto milioni moja.

Kabla uboho haujakomaa, damu ya mtoto hutengenezwa zaidi kwenye ini. Ndiyo maana seli changa zenye hitilafu zinapozaana ovyo, ini na wengu hutanuka. Seli nyekundu nazo hupungua, moyo huelemewa, na maji hujikusanya tumboni, kifuani na chini ya ngozi ya mtoto. Mara nyingi dalili hizi huonekana katika miezi mitatu ya mwisho.

Lakini picha peke yake haithibitishi saratani. Kaswende, virusi vya parvo, na damu ya mama na mtoto kutopatana kwa kundi la Rh huweza kuleta dalili zilezile. Kwa hiyo daktari huanza kwa kupima damu ya mama. Kisha kwa ultrasaundi ya Dopla hupima kasi ya damu kwenye mshipa wa ubongo wa mtoto; ikizidi kiwango, huenda mtoto ana upungufu wa damu.

Jibu la uhakika hutoka kwenye damu ya mtoto mwenyewe. Daktari bingwa hupitisha sindano nyembamba tumboni mwa mama hadi kwenye kamba ya kitovu cha mtoto, akiongozwa na ultrasaundi. Maabara hutafuta seli changa na kuchunguza kromosomu. Kipimo hiki kinaweza kuharibu mimba, hivyo hakifanywi bila sababu nzito.

Kromosomu zina uzito wake. Takriban mtoto mmoja kati ya kumi wenye sindromu ya Down, inayotokana na hitilafu ya kromosomu, huzaliwa na hali inayofanana na saratani ya damu, na kwa wengi hutoweka yenyewe ndani ya miezi mitatu. Hata hivyo, karibu mmoja kati ya watano wa hao hupata saratani kamili kabla ya kutimiza miaka minne au mitano, kwa hiyo lazima wafuatiliwe.

Mama mjamzito, kwa kuwa kaswende nayo huweza kuleta dalili hizi, wahi kliniki na uipimwe mapema. Ikigundulika, sindano ya penisilini humtibu mama na kumkinga mtoto.