Soksi Isiyobana Wala Kuteremka

Akina mama wa vikundi vya ufumaji hutuuliza: mbona tunafuma soksi za shule vile karatasi inasema, halafu mteja anazirudisha na uzi tumeshaununua? Karatasi haina makosa. Aliyeiandika alitumia mkono wake na uzi wake. Wako ni mwingine.

Basi kwanza fuma kipande cha kujaribia. Kilaze mezani bila kukivuta, uhesabu vitanzi katika sentimita 10. Tuseme ni 28. Kisha pima mguu wa msichana kuzunguka pale penye upana: sentimita 22. Usifume 22! Soksi lazima ivutike kidogo ndipo ishike, kwa hivyo punguza kama sehemu moja kwa kumi, ubaki na 20. Zidisha kwa 2.8: vitanzi 56. Hesabu ni hiyo tu, hata mtoto wa shule atakusaidia.

Kisigino hufumwa kwa nusu yake, yaani 28, na hapa ndipo penye taabu. Mguu ulioinuka juu hauingii; ukilazimishwa, uzi unakatika. Ongeza safu nne kwenye kipande cha kisigino, uokote vitanzi viwili zaidi kila upande, halafu upunguze polepole mpaka urudi 56.

Zikibaki sentimita 5 kufika ncha ya kidole gumba, anza kufunga vidole. Wengine huongeza urefu eti mtoto atakua. Sisi hatushauri: soksi ndefu hujikunja ndani ya kiatu, ikatoboka mapema.