Kisii na Nyamira, Jumapili huja Jumamosi

Ukitaka kujua watu wa Gusii hupumzika lini, usingoje Jumapili. Panda matatu Jumamosi asubuhi kutoka Kisii mjini hadi Nyamira na uchungulie dirishani: kando ya barabara ni suti, vitambaa vya kichwa na watoto wenye soksi nyeupe. Wakatoliki wa Nyabururu, misheni iliyoanza mwaka wa 1911, watatoka kesho yake. Leo ni zamu ya Wasabato.

Sabato huanza Ijumaa jua linapozama. Msabato wa Oslo mwezi Juni hungoja hadi karibu saa tano usiku, lakini sisi tulio jirani na ikweta tuna bahati: ni kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja, mwaka mzima. Kwa hivyo Ijumaa alasiri ni mbio tupu. Nguo zipigwe pasi, viatu vipakwe rangi, kuni ziingizwe ndani, chinsaga ichemshwe. Mboga hiyo ni chungu lakini hunoga zaidi ikilala, ni kama iliumbwa kwa ajili ya Sabato.

Asubuhi ni Shule ya Sabato, kila kundi likijadili somo lile lile ambalo Wasabato wa nchi nyingine wanalisoma wiki hiyo. Kisha mahubiri. Kisha vyakula vinafunguliwa chini ya miti na hakuna anayeuliza nani alileta nini. Alasiri ni ya vijana: kwaya na mashindano ya maswali ya Biblia. (Usidanganyike, ndoa kadhaa za huku zilianzia kwenye mazoezi ya kwaya.)

Lakini kupumzika Jumamosi kuna bei, na vijana ndio huilipa. Kwa biashara nyingi hiyo ndiyo siku ya pesa. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba wanafunzi Wasabato katika shule za umma waruhusiwe kuabudu siku yao. Sawa, lakini kesi ilihusu shule. Bosi wa duka Nairobi bado anaweza kukuambia uje Jumamosi ama utafute kazi kwingine. Naye wa boda anajua vizuri kwamba mkopo wa pikipiki hauijui Sabato.

Hata hivyo wengi huegesha. Kwa maoni yangu hawa wameshika kitu ambacho sisi wa mjini tunakinunua kwa bei ghali na hatukipati: saa 24 bila deni kujadiliwa, bila simu ya kazi, bila mtu kukuuliza maisha yako yamefika wapi. Unalala kwenye nyasi baada ya chakula na hakuna anayekuita mvivu.

Jua likizama, wimbo wa mwisho huimbwa. Kisha simu zinawashwa, jumbe zinaingia kwa fujo, na boda ya kwanza inanguruma kuelekea steji.