Fahamu: DNA inasema nini kuhusu mababu wa Thika na Ruiru?

Vipimo vya DNA vya kutafuta asili sasa vinaagizwa mtandaoni. Mkikuyu wa Ruiru anayetarajia jibu moja huenda akaletewa majibu matatu.

Masimulizi ya Wakikuyu huanzia Mukurwe wa Nyagathanga, Murang'a, kwa wazazi wa kwanza, Gikuyu na Mumbi. Lakini masimulizi hayo hayo huwataja pia Gumba, wawindaji wafupi, na Athi waliomiliki misitu ya kusini mwa mto Chania, yaani upande wa Kiambu, zilipo Thika na Ruiru. Ardhi ya Athi ilinunuliwa kwa mbuzi, na kwa kuwa mgeni hakuuziwa ardhi, pande mbili zilifanya kwanza tambiko la kuwa ndugu. Undugu huo haukuishia kwenye mbuzi, watu walioana.

Maabara nayo ina yake. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha DNA ya watu 41 wa kale kutoka Kenya na Tanzania. Mwanamume mmoja, aliyezikwa Deloraine karibu na Nakuru zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, alikuwa na asili kubwa ya Afrika Magharibi, kama wasemaji wa Kibantu wa leo. Makaburi ya zamani zaidi yana wafugaji waliotoka kaskazini wakachanganyika na wawindaji wenyeji. Wasemaji wa Kibantu nao walichanganyika na jamii kama hizo, ndiyo maana Wakikuyu wa leo, pamoja na Ubantu wao, wana sehemu ya Kikushi na ya Kiniloti.

Asilimia zisikuchanganye: kila kampuni hulinganisha na sampuli zake. Na kama wewe ni wa ukoo wa Anjiru au Ambui, hilo kipimo hakijui. Muulize shosho.