Jembe, Sanduku na Mazungumzo: Afya ya Akili Nyabiondo

Ukitoka Goma, mkoani Kivu ya Kaskazini mashariki mwa Kongo, kwa barabara ya Sake, ukapanda milima ya malisho hadi Masisi-centre, kisha ukashika njia ya Walikale, utafika Nyabiondo: soko, kituo cha afya, makanisa, shule, na mashamba ya maharage, mihogo na migomba yanayopanda vilima hadi ukingo wa msitu. Nyuma yako umeacha nchi ya ng'ombe na jibini. Mbele yako ni Walikale ya mawese na madini. Bidhaa zinakutana hapa, na ndiyo sababu wenye bunduki nao hawakauki hapa.

Desemba 2004 Nyabiondo ilishambuliwa, raia wakauawa, nyumba zikaporwa na watu wakakimbilia porini. Miaka iliyofuata eneo hilo likawa ngome ya APCLS, kundi lenye silaha la Janvier Karairi. Mwanzoni mwa Januari 2025 kundi la waasi la M23 liliichukua Masisi-centre, mwishoni mwa mwezi huo likaingia Goma, na Machi vita vikaifikia Nyabiondo katika mwendo ule ule uliowafikisha waasi Walikale-centre tarehe 19. Kila mara wenyeji walikimbia. Kila mara waliopata njia walirudi, wakafyeka magugu na kuanza upya.

Wageni wengi wanaopita Kivu huwasifu watu wake kwa moyo mgumu. Sifa hiyo ina ukweli, ila haielezi kitu. Mtu anapata wapi nguvu ya kupanda maharage ambayo huenda atavuna mwingine? Na yule anayeshindwa kuinuka kitandani, amekosa nini?

Tuanze na hesabu. Mwaka 2019 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha makadirio yaliyofanywa kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani: katika maeneo yaliyopitiwa na vita ndani ya miaka kumi iliyotangulia, takriban asilimia 22 ya watu wana tatizo la afya ya akili, kuanzia sonona na wasiwasi hadi maradhi makali zaidi. Mtu mmoja kati ya watano ni mzigo mkubwa mno. Lakini takwimu hiyo ina upande wa pili. Wengi wa waliobaki huomboleza, hushtuka mlango ukigongwa na hukosa usingizi wiki nzima, kisha hali hutulia bila kuwa ugonjwa. Kutulia huko hakutokei hewani. Kunategemea kama kuna chakula, kama kuna jamaa wa karibu, na kama kuna kazi ya kufanya kesho yake.

Suala la kazi lilichunguzwa zamani, mbali na Afrika. Katika kijiji cha Marienthal, karibu na Vienna nchini Austria, kiwanda cha nguo kilichoajiri karibu kila familia kilifungwa mwanzoni mwa mdororo mkuu wa uchumi. Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikwenda kuangalia watu wanaishije bila kazi, wakachapisha matokeo mwaka 1933. Walitarajia kwamba wenye muda mwingi wangesoma zaidi. Kumbe vitabu vilivyoazimwa maktabani vilikuwa vimepungua kwa karibu nusu. Walipopima mwendo wa watu barabarani, waliona wanaume wanatembea taratibu na kusimamasimama, huku wanawake wakienda haraka kwa sababu nyumbani kulikuwa na kazi bado. Baadaye Jahoda alieleza kwamba kazi, mbali na mshahara, humpa mtu mpangilio wa siku, watu wa kukutana nao, lengo la pamoja, heshima na shughuli ya mikono.

Aliyewahi kuingia kambi za wakimbizi wa ndani zilizouzunguka mji wa Goma, Bulengo au Lushagala, ataitambua picha hiyo. Mkulima wa Nyabiondo anayeketi chini ya hema la plastiki akisubiri mgao amepoteza mavuno, na pamoja na mavuno amepoteza saa ya kuamka, jirani wa kupalilia naye, neno la kusema kwenye kikao cha ukoo, na haki ya kumpa mgeni chakula cha shamba lake mwenyewe. Mke wake huenda akapata kibarua cha kufua au kubeba mizigo mjini. Yeye hana hata hicho.

Kalenda ya kilimo inaongeza uchungu. Kivu ya Kaskazini ina misimu miwili mikuu: msimu A huanza Septemba na kuvunwa karibu na Januari, msimu B huanza Februari na kuvunwa kuelekea Juni. Vita vya 2025 viliingia wakati wa kuvuna A na kupanda B. Familia iliyokimbia wakati huo ilikosa chakula cha leo na mbegu za kesho kwa mpigo mmoja.

Hata hivyo, si kila jembe linajenga nafsi. Mashariki ya Kongo watu wanaijua salongo, kazi ya pamoja ya kutengeneza barabara au kusafisha soko. Salongo iliyopangwa na wanakijiji wenyewe ina gumzo na vicheko, na mwisho wake daraja linapitika. Lakini makundi yenye silaha yameigeuza kuwa kazi ya lazima: kubeba risasi, kujenga vibanda vya askari, kufyeka njia zao, na asiyefika hutozwa au huchapwa. Jasho ni lile lile, na huenda majembe ni yale yale. Tofauti ni kwamba anayefanya salongo ya hiari anajua kazi ni ya nini na ana sauti ndani yake, anayelazimishwa hana. Wataalamu wanaopima ari ya kazi maofisini Ulaya huuliza kuhusu nguvu, kujitolea na kuzama katika kazi. Hakuna hata kimoja kinachoweza kuamrishwa kwa fimbo.

Kuna kazi nyingine ambayo vijiji vya Kivu vimeipenda: AVEC, chama cha kijiji cha akiba na mikopo. Mfumo huo ulianzishwa na shirika la CARE huko Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, ukasambaa Afrika nzima. Kikundi huwa na watu 15 hadi 25 hivi, wengi wao akina mama. Siku ya kikao sanduku la chuma huwekwa katikati. Lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, hivyo hakuna anayeweza kulifungua peke yake nyumbani. Kila mwanachama huitwa, hununua hisa kuanzia moja hadi tano, na katibu humgongea mihuri kwenye daftari lake mbele ya wote. Asiyejua kusoma anaweza kuhesabu mihuri. Kuna mfuko wa mikopo na mfuko mdogo wa mshikamano kwa ajili ya msiba au ugonjwa. Baada ya mwaka mmoja hivi, fedha hugawanywa na mzunguko huanza tena.

Je, sanduku linatibu majonzi? Judith Bass wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake walifanya utafiti Kivu ya Kusini kati ya wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono, matokeo yakachapishwa 2016. Waliojiunga na vikundi vya akiba walikula vizuri zaidi kuliko wenzao, na hisia ya kutengwa na jamii ilipungua zaidi. Lakini dalili za sonona na mshtuko hazikupungua zaidi ya za wale ambao hawakujiunga. Kula na kuheshimiwa ni mambo makubwa, ila jinamizi la usiku halikuondoka kwa sababu ya hisa.

Jinamizi lilijibiwa na kitu kingine. Mwaka 2011 watafiti hao, pamoja na shirika la International Rescue Committee, walijaribu tiba ya mazungumzo katika vijiji vya Kivu zote mbili, Kusini na Kaskazini. Wanawake 405 wa vijiji 15 walishiriki. Katika vijiji 7 walipata tiba ya kupitia upya mawazo: kikao kimoja cha mtu na mshauri wake, kisha vikao 11 vya kikundi cha wanawake 6 hadi 8. Vijiji vingine 8 vilipata ushauri wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Miezi sita baadaye, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi walikuwa asilimia 9 kwenye vikundi vya tiba, na asilimia 42 kule kwenye ushauri wa kawaida. Jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo hayo Juni 2013.

Kilichofanyika ndani ya kikundi si uchawi. Mama anafundishwa kutenganisha vitu vitatu: tukio lililotokea, wazo lililomjia, na hisia iliyofuata. Mathalani, alishambuliwa njiani kuelekea shambani. Anawaza, “Kosa ni langu, nilikwenda peke yangu”. Anajisikia aibu na kukaa ndani. Wenzake wanamuuliza: asingekwenda, watoto wangekula nini? Aliyemshika ni njia au ni mtu mwenye silaha? Polepole lawama inarudi kwa aliyetenda. Kwa kuwa washiriki wengi hawakujua kusoma, mazoezi yalirahisishwa, wakayashika kwa kichwa.

Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa wasaidizi wa jamii wenye angalau miaka minne ya masomo baada ya shule ya msingi, waliofunzwa takriban wiki mbili na kufuatiliwa kwa karibu na wasimamizi.

Ukiweka tafiti hizi mbili pamoja, hoja ya moyo mgumu inapungua uzito. Sanduku lilileta chakula na heshima. Mazungumzo yalileta usingizi. Shamba, likilimwa kwa hiari na kwa amani, huleta mpangilio wa siku. Kwaya ya kanisani, iwe ya Wakatoliki au ya kanisa la Kibaptisti la CBCA, huleta mahali pa kufika Jumamosi jioni kwa mazoezi na watu watakaouliza mbona hukuja. Ustahimilivu wa mkulima wa Nyabiondo umegawanyika katika mambo hayo, na vita humnyang'anya yote siku moja anapobeba godoro na kukimbia.

Wako pia wasiofikiwa na kikundi wala jembe: anayesikia sauti, anayekataa kula, anayetaka kujiua. Hao wanahitaji dawa na uangalizi. Goma kuna kituo cha Tulizo Letu, kinachoendeshwa na Mabradha wa Upendo, na kwa mtu wa Nyabiondo kukifikia ni safari ndefu ya pikipiki yenye vizuizi vingi vya kulipia. Shirika la Médecins Sans Frontières, ambalo limekuwa likiisaidia hospitali ya Masisi tangu 2007 na kituo cha afya cha Nyabiondo pia, limeweka huduma ya kisaikolojia ndani ya kazi yake, hivyo mtu anayekuja kwa malaria au jeraha anaweza kukutana na mshauri bila kujulikana amefuata nini.

Fedha ndizo zinazoyumba. Mwaka 2024 Marekani ililipa takriban asilimia 70 ya misaada ya kibinadamu Kongo, na iliposimamisha misaada yake mwanzoni mwa 2025, miradi mingi ilikatika wakati ule ule watu wa Masisi walipokuwa barabarani. Tiba ya vikundi inahitaji chumba, mshauri mwenyeji anayelipwa, na msimamizi wa kumpigia simu kila wiki. Wasaidizi wa aina hiyo wanaweza kupatikana vijijini, na namna ya kuwafunza inajulikana tayari. Kwa waliorudi Nyabiondo, swali la karibu zaidi ni kama msimu A unaofuata utawakuta na mbegu mkononi, na kama barabara ya kwenda shambani itakuwa bila kizuizi.