Kujenga tovuti kwa bloku: Urahisi wenye masharti yake

MWALIMU mkuu aliyetaka kubadilisha kiwango cha karo kwenye tovuti ya shule yake zamani alilazimika kumtafuta fundi na mara nyingi kumlipa, hata kama kazi yenyewe ilikuwa ya dakika tano.

Sababu ni kwamba kurasa za intaneti huundwa kwa HTML, lugha ya alama zinazoijulisha kompyuta kipi ni kichwa, kipi ni aya na kipi ni picha. Asiyejua alama hizo aliogopa kugusa chochote asije akauvuruga ukurasa mzima.

Mnamo Desemba 6, 2018, WordPress, programu isiyolipiwa iliyoanzishwa na Matt Mullenweg na Mike Little mwaka wa 2003, ilitoa toleo la 5.0 lenye kihariri kipya kiitwacho Gutenberg.

Jina hilo ni la Johannes Gutenberg, Mjerumani wa karne ya 15 aliyesifika kwa kuchapisha vitabu kwa herufi za madini zilizoweza kupangwa, kupanguliwa na kupangwa upya. Kihariri hiki hufuata wazo lilo hilo.

Kila sehemu ya ukurasa huwa bloku inayojitegemea, mithili ya tofali ukutani. Aya ni bloku, na vivyo hivyo kichwa, picha, orodha, jedwali na kitufe.

Ili kuongeza bloku, mtumiaji hubonyeza alama ya kujumlisha, au huandika mkwaju (/) mwanzoni mwa mstari mtupu na kufuatisha jina la bloku anayoitaka. Mishale ya juu na chini huihamisha, nayo mipangilio ya rangi na ukubwa hujitokeza kando.

Kwa hivyo, karo ikibadilika, mwalimu hugusa jedwali pekee. Aya na picha zilizobaki hukaa zilivyokuwa.

Hata hivyo, urahisi huo una masharti.

Kwanza, vichwa vipangwe kwa ngazi, si kwa ukubwa wa herufi unaopendeza macho. Wasioona hutumia programu zinazowasomea ukurasa kwa sauti, na wengi huruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine wakitafuta wanachotaka. Ngazi zikivurugwa, hupotea njia. Kwa sababu iyo hiyo, kila picha yenye ujumbe iandikiwe maelezo mafupi.

Pili, picha zipunguzwe kabla ya kupakiwa. Picha ya simu huweza kuwa na megabaiti kadhaa, na ikiwekwa ilivyo, huchelewesha ukurasa na kumgharimu msomaji data.

Tatu, ukurasa ukaguliwe kwenye simu. Safu mbili zilizokaa sambamba kwenye kompyuta kwa kawaida hupangwa moja chini ya nyingine kwenye skrini ndogo, na maelezo yanaweza kujikuta mbali na picha yake.

Aidha, kuna bloku zinazohifadhiwa mahali pamoja na kutumiwa katika kurasa nyingi. Nambari ya simu ikibadilishwa humo, hubadilika kila mahali. Hiyo ni faida kubwa, lakini pia ni mtego kwa anayedhani kuwa anarekebisha ukurasa mmoja tu.

Hatari iliyofichika zaidi iko katika bloku zinazoletwa na programu za ziada. Programu hiyo ikiondolewa, kihariri huonya kuwa bloku hiyo haitambuliki tena, na baadhi yake huacha kabisa kuonekana kwa wasomaji. Ni busara maandishi yanayotarajiwa kudumu yawekwe katika bloku za kawaida za WordPress yenyewe.

Si wote waliofurahia mabadiliko ya mwaka wa 2018. Baadhi ya waliozoea ukurasa mmoja mpana wa kuandikia waliona bloku zinawakatiza mawazo. Hao waliwekewa Classic Editor, programu ya ziada inayorejesha kihariri cha awali.

Anayeanza hana haja ya kuhofu sana. Kihariri kwa kawaida huhifadhi nakala za awali za ukurasa kila unaporekebishwa, na ukiharibika, nakala ya zamani inaweza kurejeshwa. Lililo muhimu ni mwenye tovuti kuitunza vyema nywila yake, na kutomwachia fundi funguo zote za nyumba yake.